Ulinganisho: njia za kumaliza sekondari kwa kijana aliyekwama katika shule ya kawaida

Mlezi Mdadisi (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, ninamlea mpwa wangu wa miaka 16 ambaye shule ya msingi aliimaliza vizuri, lakini tangu aanze sekondari amekuwa akirudi nyuma mwaka hadi mwaka, na sasa walimu wake wanazungumzia kumkaririsha darasa. Si mtukutu wala hana makundi mabaya. Jioni hukaa na vitabu vya umeme, akafungua vifaa vilivyoharibika mpaka ajue kilichovisibu. Asubuhi ya siku ya shule humshika tumbo, na daktari aliyemchunguza hakuona ugonjwa wowote wa tumbo. Darasa lake limejaa, na mwalimu wa darasa nilipomuuliza habari zake ilibidi kwanza alitafute jina lake katika daftari la mahudhurio.

Nimekusanya njia ninazoziona mbele yetu, nami naziandika kwa namna ninavyozielewa ili mnisahihishe. Tunaweza kumbakiza alipo, kwa makubaliano ya maandishi na shule kuhusu muda wa ziada katika mitihani, kupunguziwa masomo kwa muhula mmoja au miwili, na mtu maalumu wa kumfuatilia. Tunaweza kumhamishia katika shule ndogo iliyoanzishwa mahususi kwa vijana waliokwama, ambako kundi moja huwa na wanafunzi wachache na mwalimu huwajua wote. Hofu yangu hapo ni sifa ya shule hizo, kwa kuwa baadhi ya watu huziona kuwa mahali pa kuwaweka walioshindikana. Tunaweza pia kumsomesha nyumbani kwa njia ya masafa, ambako hatapanda basi wala kukutana na lile darasa linalomtisha. Njia iliyo fupi kuliko zote ni kumwandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, afanye mtihani unaohesabiwa kuwa sawa na cheti cha sekondari. Mwisho kuna chuo cha ufundi stadi, ambacho yeye mwenyewe amekitaja mara kadhaa, ingawa ndugu zetu wengine wanaona tutakuwa tumemfungia mlango wa chuo kikuu.

Vipimo vyangu ni vitatu: cheti kutambulika, kuwapo kwa mtu mzima anayemjua kijana kwa karibu, na uwezekano wa kurudi katika mkondo wa kawaida baadaye. Kwa vipimo hivyo sioni njia inayoshinda zote. Ningependa kuwasikia waliozipitia au wanaozifanyia kazi.

Mwalimu wa Hisabati

Ndugu Mlezi, vipimo vyako ni vizuri, lakini vyote vinapima shule. Kijana mwenyewe bado hajapimwa, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza mwaka mzima.

Wanafunzi wanaofeli hufanana kwenye karatasi ya matokeo tu. Yupo mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na kukosa akili, ambaye swali la hisabati lililoandikwa kwa maneno humshinda kwa sababu ya kusoma wala si kwa sababu ya kuhesabu; ukimhamishia shule ndogo isiyo na mwalimu anayejua kufundisha usomaji hatua kwa hatua, umembadilishia jengo tu. Yupo aliyekosa msingi wa sehemu na desimali akiwa mdogo, na tangu hapo kila mada ya aljebra humkuta hana pa kuanzia, naye huona aibu kuuliza kitu ambacho wenzake walikimaliza zamani. Yupo asiyeweza kutuliza akili yake kwenye jambo moja kwa kipindi kizima, lakini ukimpa kazi ya mikono hukaa nayo saa nyingi. Yupo anayeonewa na wenzake, wala hajamwambia mtu. Yupo anayelea wadogo zake au kufanya kazi usiku, ambaye tatizo lake ni ratiba wala si masomo. Kila mmoja wa hawa anahitaji njia tofauti, na baadhi yao hawahitaji kuhama kabisa.

Yupo pia asiyelala vya kutosha, na huyu husahaulika. Katika balehe saa ya mwili husogea mbele, kwa hiyo kijana hupata usingizi akiwa amechelewa hata akizimiwa taa mapema. Mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilipendekeza kwamba shule za vijana wa umri huu zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na jimbo la California limeufanya muda huo kuwa sheria kwa sekondari zake tangu mwaka 2022. Sisemi usingizi ndio unaomsumbua mpwa wako, bali nasema ni jambo la kuulizwa kabla ya kuhamisha mtoto.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na uchunguzi wa kusoma, kuandika na kuhesabu, unaofanywa na mtu mwenye ujuzi huo, pamoja na kupima macho na masikio. Omba pia ripoti za mahudhurio na alama kwa kila somo tangu alipoanza sekondari, ukaziweka pamoja mezani. Mara nyingi utaona mahali ambapo mstari ulivunjika: muhula fulani, mwalimu fulani, au somo moja lililoanza kuporomoka na kuyavuta mengine. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililopitishwa chini ya UNESCO, liliweka msimamo kwamba shule ya kawaida ndiyo inayopaswa kujirekebisha ili imfae mwanafunzi mwenye mahitaji ya pekee. Mimi naamini hivyo, na ndiyo maana naiweka njia yako ya kwanza juu ya zote mpaka itakapothibitika kwamba imejaribiwa kwa dhati ikashindikana.

Mnasihi wa Vijana

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu uchunguzi, lakini naomba nisimame kwenye lile tumbo, kwa sababu linaweza kugeuza ulinganisho wote.

Utoro na kukataa shule kwa hofu ni mambo mawili. Mtoro huficha, hutoka nyumbani akiwa na mkoba na hafiki darasani, wala mzazi hajui. Kijana mwenye hofu hukaa nyumbani na mzazi anajua, na mara nyingi hujisikia vibaya kwa kutokwenda. Maumivu yake si ya kuigiza. Mwili wenye hofu huuma kweli, na huuma zaidi Jumapili jioni, huku ukipoa mwanzoni mwa likizo. Andika kwa wiki kadhaa maumivu yanaanza saa ngapi, siku zenye masomo gani, na yanaisha lini, kisha umpelekee mtaalamu wa afya ya akili maandishi hayo. Uulize pia habari za usingizi, hamu ya chakula, na kama ameacha vitu alivyokuwa akivipenda, maana sonona kwa vijana hujificha nyuma ya matokeo mabaya ya shule.

Nasisitiza hili kwa sababu hofu hukua kwa kukwepwa. Kila asubuhi anayobaki nyumbani anapata nafuu, na nafuu hiyo inamfundisha kwamba nyumbani ndiko kuliko salama na shule ni hatari, kwa hiyo kesho yake kuondoka kunakuwa kugumu zaidi. Tiba inayosaidia wengi ni kumrudisha kwa hatua ndogo zilizopangwa pamoja naye: kwanza afike getini na kurudi, kisha kipindi kimoja anachokipenda, kisha nusu siku, huku akifundishwa namna ya kukabiliana na mawazo yanayoitangulia hofu. Ukimtoa moja kwa moja na kumweka nyumbani mbele ya kompyuta kabla hofu haijashughulikiwa, utaona amani ya wiki chache, na baadaye utamkuta anaogopa hata kwenda dukani.

Hayo hayamhusu kijana anayepigwa, anayedhalilishwa au anayenyanyaswa. Huyo haogopi kivuli. Kumrudisha kwa hatua mahali penye hatari ya kweli ni kumtesa, na wajibu wa kwanza ni kumtoa au kuiondoa hatari. Muulize kwa faragha, zaidi ya mara moja, na usitarajie jibu siku ya kwanza.

Tulivu

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba niitetee njia ya masafa, kwa sababu ndiyo iliyonivusha. Nilikuwa katika matibabu marefu na shule haikuweza kunisubiri, nikasoma masomo yote ya sekondari ya juu nyumbani na kufanya mtihani uleule waliofanya wenzangu.

Njia hii si ngeni kama wengi wanavyodhani. Shule ya posta ya New Zealand, ambayo leo inaitwa Te Kura, ilianza mwaka 1922 kwa watoto waliokaa mbali na shule, na Australia ilianza kuwafundisha watoto wa mashambani kwa redio mwaka 1951 kutoka Alice Springs. Katika mifumo hiyo ya zamani mtoto hakuachwa peke yake. Nyumbani alikuwapo mtu mzima aliyesimamia masomo kila siku, mara nyingi mama, na mwalimu alijibu kazi moja moja kwa maandishi. Mambo mawili hayo yanapokosekana, matokeo huwa mabaya sana. Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha utafiti juu ya shule za mtandaoni za mkataba nchini Marekani, yaani shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba nje ya utawala wa kawaida wa shule, na kikaonyesha kwamba katika hisabati wanafunzi wake walikuwa nyuma ya wenzao wanaofanana nao kwa kiasi kinacholingana na siku 180 za masomo, ambazo huko ni mwaka mzima wa shule. Katika kusoma pengo lilikuwa siku 72. Ninaipenda njia iliyonifikisha nilipo, lakini siwezi kumficha mtu takwimu hizo.

Kwa hiyo, Ndugu Mlezi, usiulize tu kama shule inafundisha kwa mtandao. Uliza mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, vipindi vya moja kwa moja ni vingapi kwa wiki, kazi ikirudishwa inakuwa na maelezo au alama tu, na nani atajua kijana asipoonekana siku tatu. Uliza pia majaribio ya sayansi yatafanyika wapi, kwa sababu kemia na fizikia za mtihani zina sehemu ya vitendo ambayo kioo cha kompyuta hakiitoshelezi. Mimi nililazimika kutafuta maabara ya kuazima, na ndilo lililonisumbua kuliko kitu kingine chochote.

Na kwa heshima zote, Mnasihi, upweke niliouona haukuwa wa shule ya masafa yenyewe bali wa kukosa mahali pa kwenda mchana. Nilipojiunga na kundi la kusomea maktaba mara mbili kwa wiki, mambo yalibadilika.

Mnasihi wa Vijana

Tulivu mwanangu, marahaba. Tofauti iliyopo ni kwamba wewe hukuikimbia shule, ugonjwa ndio ulikutoa, na ulikuwa ukitaka kurudi kwa watu. Kwa kijana wa namna yako masafa ni daraja zuri. Kwa anayekwepa watu naipendekeza kwa muda maalumu tu, ikiambatana na tiba, na tarehe ya kuitathmini iwe imeandikwa.

Mkufunzi wa Ufundi

Nafundisha umeme wa majumbani na viwandani, na nimesoma kuhusu kijana anayefungua vifaa mpaka ajue kilichovisibu. Naomba msimlete kwangu kama adhabu ya kufeli. Wanaoletwa hivyo hufika wakiwa wameshaamini kwamba hawana akili, na mwaka wa kwanza unaishia katika kuwaondolea imani hiyo.

Watu hudhani ufundi ni kimbilio la kukwepa hisabati. Fundi umeme hawezi kuchagua unene wa waya bila kukokotoa mkondo, wala hawezi kuelewa mkondo geu bila trigonometria. Ninachokiona ni kwamba kijana aliyeichukia aljebra ubaoni huikubali anapoona kwamba akikosea hesabu, fyuzi inakatika mbele ya macho yake. Somo ni lilelile, ila sasa analiona linafanya kazi.

Nchini Ujerumani mfumo wa uanagenzi humfanya kijana kuwa kazini siku tatu au nne kwa wiki na katika shule ya ufundi siku zinazobaki, akilipwa posho, kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Nchini Uswisi takriban theluthi mbili ya vijana hupita njia ya ufundi baada ya elimu ya lazima, na haihesabiwi kuwa njia ya walioshindwa, kwa sababu mwanagenzi anaweza kuongeza cheti kinachomfungulia vyuo vikuu vya sayansi tumizi, na akifaulu mtihani wa nyongeza anaingia hata vyuo vikuu vingine. Hapo ndipo jibu kwa ndugu zako lilipo. Ufundi hufunga mlango wa chuo kikuu pale tu ambapo mfumo haukuweka ngazi ya kupandia. Kabla hujamwandikisha, dai kuonyeshwa kwa maandishi cheti cha chuo hicho kinampeleka ngazi gani inayofuata, na masomo gani ya kitaaluma anayaendeleza akiwa hapo. Chuo kisichofundisha lugha na hisabati kabisa ukiache.

Nina tahadhari moja. Miaka 16 ni mapema kwa kuamua kazi ya maisha, hasa mtu anapoamua akiwa na maumivu. Mtafutie kwanza kozi fupi ya likizo au nafasi ya kumfuata fundi mwenye leseni kwa wiki mbili. Akirudi na maswali, mlete. Akirudi na uchovu tu, basi kufungua redio ni burudani yake, na burudani haina ubaya.

Mtahini Mstaafu

Niruhusiwe kuzungumzia njia fupi, yaani mtihani wa usawa, kwa kuwa nimesahihisha mitihani kwa muda mrefu na naona wengi wanaivamia bila kuijua.

Mfano unaojulikana zaidi ni GED ya Marekani, iliyoanza mwaka 1942 kwa ajili ya askari walioiacha sekondari kwenda vitani. Leo ina karatasi nne, yaani hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, na alama ya kufaulu ni 145 katika kila karatasi. Kwa mtu mzima mwenye kazi na familia ni njia ya heshima. Kwa kijana wa miaka 16 hali si hiyo. Mwaka 1993 wachumi Stephen Cameron na James Heckman, huyu wa pili akiwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2000, walionyesha kwamba waliopata cheti hicho, kwa mishahara na ajira, walifanana zaidi na walioacha shule kuliko waliohitimu kwa kukaa darasani. Mtihani unapima maarifa, na maarifa wengi wao walikuwa nayo. Usichoweza kukipima kwa siku moja ni kuamka, kuhudhuria, kumaliza kazi iliyochosha na kuelewana na watu usiowachagua, ambavyo mwajiri anavitafuta kuliko alama. Ikiwa udhaifu wa kijana uko hapo hapo, njia fupi inaruka sehemu aliyoihitaji zaidi.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, nao ni shule huria. Taasisi ya Kitaifa ya Shule Huria ya India, iliyoanzishwa mwaka 1989, humpa mwanafunzi miaka mitano ya kumaliza, na nafasi hadi tisa za kufanya mitihani, akifaulu somo moja moja na kulihifadhi. Kwa mwenye ugonjwa, mwenye mtoto, au anayefanya kazi, utaratibu huo una utu. Unamwondolea ile siku moja ya kufa na kupona. Ikiwa mahali ulipo pana utaratibu wa kufanya masomo kwa mafungu, naushauri kabla ya ule wa kufanya yote kwa mkupuo.

Kuhusu kutambulika kwa cheti, usikubali neno la msajili wa shule peke yake. Andika kwa baraza la mitihani na kwa vyuo viwili au vitatu ambavyo kijana angependa kwenda, uulize kama cheti hicho kinapokelewa na kwa kozi zipi, na uyahifadhi majibu.

Mama wa Wawili

Naona hakuna aliyezitaja shule huru, ambako mwanafunzi halazimishwi kuingia darasani. Je, hazifai kwa kijana kama huyu?

Mwalimu wa Hisabati

Mama, zipo na zina historia. Summerhill ya Uingereza ilianzishwa na A. S. Neill mwaka 1921, na hadi leo vipindi ni hiari na kura ya mtoto katika mkutano wa shule ni sawa na ya mwalimu. Mwaka 2000 shule hiyo na serikali zilifikia makubaliano mbele ya baraza la rufaa baada ya wakaguzi kutaka utaratibu huo ubadilishwe. Sudbury Valley ya Massachusetts, Marekani, imefuata njia kama hiyo tangu mwaka 1968. Ninaziheshimu, hasa kwa namna zinavyomrudishia mtoto sauti. Ila zinamfaa zaidi aliyekulia humo. Kijana wa miaka 16 mwenye mapengo ya miaka mitatu na mtihani mbele yake, akiambiwa achague mwenyewe, anaweza kuchagua kulikwepa lile linalomtisha, na muda wake si mrefu tena.

Mlezi Mdadisi

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimezungumza na mpwa wangu, nikampa maandishi yenu ayasome mwenyewe. Alinieleza jambo ambalo hakuwa amelisema: kwamba haoni vizuri ubao akiwa nyuma, na kwamba alipoanza kukosa majibu darasani wenzake walimcheka, akaacha kunyoosha mkono, na tangu hapo anaogopa kuitwa. Hapigwi na mtu. Miadi ya macho tumeiweka, na ya mnasihi pia.

Nimeiondoa kwenye orodha njia ya mtihani wa usawa, na masafa nimeyaweka kando. Zimebaki tatu: kubaki alipo kwa makubaliano, shule ndogo, na ufundi baada ya kozi fupi ya likizo. Shule ndogo ndiyo nisiyoijua. Nikienda kuitembelea, nitazame nini?

Mwalimu wa Hisabati

Usitazame majengo. Shule ndogo nzuri na mbaya zinaweza kuwa na rangi moja ya ukuta.

Kwanza uliza wanafunzi wamefikaje. Kama wengi wao walipelekwa kwa amri ya shule zilizotaka kuwaondoa, na wachache sana walichagua wenyewe na wazazi wao, mahali hapo pana kazi ngumu ya ulinzi kuliko ya kufundisha, hata kama walimu wake wana moyo. Pale New York, kati ya mwaka 2002 na 2008, zilifunguliwa shule ndogo nyingi katika maeneo yenye sekondari zilizokuwa zikifeli, wanafunzi wakaomba wenyewe, na walipozidi nafasi wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa sababu ya bahati nasibu hiyo watafiti waliweza kuwalinganisha waliopata na waliokosa, na waliopata walihitimu kwa wingi zaidi. Shule hizo zilikuwa na takriban wanafunzi 100 kwa kila darasa la mwaka, zikawa na mpango wa makusudi wa kila mwanafunzi kujulikana na mtu mzima, na hazikupunguza ugumu wa masomo.

Hilo la ugumu ndilo la pili. Omba kuona madaftari, si ya mwanafunzi bora, bali ya yeyote aliyeketi karibu nawe. Ukikuta karatasi za kujaza nafasi zilizo wazi ukurasa baada ya ukurasa, shule inawatuliza vijana tu, haiwafundishi. Uliza wangapi kati ya walioingia miaka mitatu iliyopita wamefanya mtihani wa mwisho, maana shule inayotaja kiwango cha kufaulu bila kutaja walioachwa njiani imekwambia nusu ya habari.

Tatu, uliza nani atakuwa mlezi wake wa kitaaluma na atakaa naye kwa muda gani. Shule ya Met iliyofunguliwa mjini Providence, Marekani, mwaka 1996 huwaweka wanafunzi kama 15 chini ya mshauri mmoja kwa miaka yote minne, na siku mbili za wiki wanakwenda kujifunza kazini katika jambo wanalolipenda. Kwa kijana anayependa umeme, utaratibu wa namna hiyo ungeunganisha njia zako mbili. Shule unayoitembelea haitakuwa na yote hayo, lakini mkuu wake akikosa jina la mtu mmoja atakayemfuatilia mpwa wako, basi umepata darasa dogo lenye tatizo lilelile la daftari la mahudhurio.

Mkufunzi wa Ufundi

Naongeza kwamba kijana afuatane nawe, na akae darasani nusu siku bila wewe. Yeye ataona usiyoyaona.

Mlezi Mdadisi

Na ikiwa tutajaribu kubaki alipo kwa muhula mmoja, nitajuaje kwamba imetosha na kwamba si mimi ninayechelewesha uamuzi?

Mnasihi wa Vijana

Kwa kukubaliana kabla ya kuanza. Kaa na mpwa wako, mwalimu wa darasa na mnasihi, mwandike mambo manne tu: siku za kuhudhuria kwa wiki, vipindi alivyokaa mpaka mwisho, kazi za nyumbani zilizokamilika katika masomo mawili mliyoyachagua, na alama anayojipa mwenyewe ya hofu ya asubuhi, kutoka 0 hadi 10. Yaangalieni kila baada ya wiki mbili. Msitazame alama za mitihani kwanza, kwa sababu hizo huchelewa kubadilika, na mahudhurio ndiyo hutangulia. Awekwe mbele darasani tangu siku ya kwanza, na walimu wakubaliane wasimwite ubaoni bila kumwarifu mpaka atakaposema yuko tayari.

Kama kufikia nusu ya muhula mahudhurio hayajapanda na shule haijatimiza sehemu yake ya makubaliano, anza maombi ya shule ndogo wakati huohuo, usingoje muhula uishe, kwa kuwa nafasi hujaa. Na kama shule imetimiza, miwani imepatikana, tiba inaendelea, ila bado anataka ufundi, basi msikilizeni, maana atakuwa anachagua akiwa hana hofu tena.

Mtahini Mstaafu

Kwa vyovyote itakavyokuwa, Ndugu Mlezi, chukua sasa nakala zilizopigwa muhuri za alama zake zote na mtaala wa masomo aliyoyamaliza, kabla ya mazungumzo ya kuhama kuanza. Shule inayompokea huzihitaji ili imweke ngazi sahihi, na ni rahisi zaidi kuzipata mwanafunzi akiwa bado kwenye orodha.